Jina Lililorukwa kwenye Mahudhurio

Walimu vijana wa shule yetu wameniandikia kwenye kundi la WhatsApp wakinitaka niweke kwenye karatasi yale niliyoyaona kazini kabla sijasahau. Hayo ya kusahau ni maneno yao, nami sikuyapenda, lakini nimekubali. Nimestaafu juzi tu. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri na kutafuta chaki. Sitawaeleza nilipandishwa daraja lini. Hayo yako kwenye faili langu, na faili lenyewe linachosha. Nitawaeleza nilivyoingia, nani alinifunza, tulifundishia nini, na kosa moja nililomfanyia mwanachuo mmoja, maana hilo ndilo mnaloweza kulirudia kwa urahisi kuliko mengine yote.

Kwa asiyetufahamu, shule yetu ya awali imo ndani ya uwanja wa chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Kyela ukitokea Bondeni. Tuna madarasa mawili, jiko la uji, na bembea ambayo imetengenezwa mara nyingi kuliko ilivyobembewa. Watoto ni wa wakufunzi, wa wapishi wa chuo, wa wakulima wa mpunga na kakao, na wa wafanyabiashara wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, Malawi. Wanachuo wanaosomea ualimu wa awali hufanyia mazoezi kwetu. Kwa hiyo kila darasa lina wanafunzi wa aina mbili, wanaokaa kwenye mkeka na wanaokaa nyuma wakiandika. Wa nyuma ndio wanaohitaji uvumilivu zaidi.

Mimi sikuomba kufundisha watoto wadogo. Nilikuwa nafundisha hisabati darasa la saba, na nilipohamishiwa pale niliamini kuna mtu nimemkosea. Siku ya kwanza niliingia na rula ndefu ya mbao kwapani. Binti mmoja aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza nimekuja kumchukua nani, maana alidhani mimi ni mzazi. Nikawaambia wakae chini. Nikarudia. Mara ya nne wakaanza kunifuatisha kwa kupiga makofi, "kaeni chini, kaeni chini", wakidhani nawafundisha wimbo. Kabla ya saa nne sauti ilikuwa imekwisha na mtoto mmoja ameshanitapikia uji kwenye viatu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Eliza, mama mfupi kutoka Ipinda aliyekuwa pale kabla ya bembea. Aliichukua rula yangu akaenda kuegemezea mche wa nyanya nyuma ya jiko. Kisha akaniletea kigoda. Alisema mwalimu wa awali anayesimama muda wote anawafundisha watoto magoti yake, na magoti yangu hayakuwa na somo lolote. Tangu siku hiyo kazi yangu nimeifanya nikiwa nimekaa chini, nimechuchumaa au nimepiga magoti, na leo daktari ananiuliza nilikuwa nalima nini.

Zana zetu tulizipata palepale. Maganda ya kakao yaliyokauka yalikuwa vikombe vya kuhesabia mbegu. Udongo wa mfinyanzi tuliletewa na mama mmoja wa Kikisi kutoka Ikombe, mfinyanzi hasa, aliyeukanda mwenyewe kabla ya kutukabidhi na kutugombeza tukiuacha ukauke. Masika chaki zinalegea kwa unyevu, kwa hiyo tulizianika kwenye sinia kando ya sufuria ya uji. Vishkwambi vimekuja mwishoni mwa safari yangu, na sina ugomvi navyo. Ila mtoto akikosea kwenye udongo anaufinyanga upya, na mimi nilipenda kutazama anavyoamua kuanza tena.

Sheria moja Mwalimu Eliza aliishika kuliko zote. Kabla ya uji wa saa nne, kila mtoto awe ameitwa jina lake na mwalimu, kwa mdomo, akitazamwa usoni. Hakutaka namba, wala "wewe mwenye fulana nyekundu". Alisema mtoto ambaye hajaitwa bado yuko nyumbani, hata kama unamwona amekaa. Siku moja akiwa msibani alinipigia simu saa nne kamili kuniuliza kama nimewaita wote. Alipostaafu nikashika nafasi yake, niliiandika sheria hiyo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila nikaibandika ukutani, kisha nikaomba iingizwe kwenye fomu ya kuwapimia wanachuo. Iliingizwa. Niliiamini kabisa. Bado naiamini, ila sasa naiamini kwa adabu kidogo.

Wanachuo nimewapokea wengi. Wapo waliokuja na andalio la somo limepambwa kwa kalamu za rangi nne na hawajui kumfuta mtoto kamasi. Wapo wanaume waliokuja wameshurutishwa, wakanuna wiki nzima, kisha nikawakuta wamejilaza kwenye mkeka wakiigiza mamba. Karibu wote walidhani watoto hawawaoni wanapokaa nyuma kuandika. Mtoto mmoja aliwahi kuwageukia akawaambia wanyamaze, mwalimu anafundisha. Niliwapa alama zao bila kupepesa, na nilijulikana kwa hilo. Kwenye mabweni, nimeambiwa baadaye, waliniita Mzani.

Sasa nije kwa Atupele.

Alikuja kwetu wakati wa masika, yale ya Kyela ambayo maji yanaingia darasani kabla ya watoto. Alikuwa ameolewa Busale. Kila asubuhi aliendesha baiskeli zaidi ya saa moja, viatu amevifunga kwenye usukani, na aliacha nyumbani binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kwa sababu ya uzazi huo alikuwa ameahirisha masomo mwaka mzima. Kwa taratibu za chuo chetu hakuwa na mwaka mwingine wa kuahirisha. Akifeli mazoezi mara hiyo, anarudi Busale bila cheti, na ualimu wake umeishia hapo.

Wala hakuwa mtu wa kufeli. Alikuwa na sauti ya chini ambayo iliwafanya watoto wanyamaze wenyewe ili waisikie. Aliwafundisha tano kwa kuumba nyoka wa udongo mwenye njaa. Mtoto akilia hakumwambia anyamaze. Alimwuliza kama anataka kulia akiwa amekaa au amesimama, na wengi waliacha kulia ili wafikirie jibu. Siku ya pili niliacha kuandika nikawa natazama tu.

Siku hiyohiyo ya pili ndipo nilipogundua jambo. Wakati wa mahudhurio aliita Agnes, akaita Amani, kisha akaenda moja kwa moja kwa Anna. Katikati ya Amani na Anna kuna Ambakisye, mtoto wa miaka mitano, mwenye pengo, wa mfanyabiashara wa mchele pale Bondeni. Nikadhani amepitiwa. Mtoto mwenyewe akainua mkono akasema, "Nipo, mwalimu," na Atupele akaitikia kwa kichwa na kuweka alama.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata. Siku ya nne Ambakisye alisema "nipo" kwa sauti ambayo hata Anna aliyekaa jirani naye hakuisikia. Wiki ya pili hakusema kitu. Alikaa karibu na mlango, mfuko wake wa daftari mgongoni, na hakuuvua mpaka uji ulipokuja. Nilipouona ule mfuko moyo uliniuma, maana yale ya Mwalimu Eliza yalikuwa yametimia mbele ya macho yangu. Mtoto alikuwa bado hajafika shule.

Nikamwita Atupele ofisini. Nikamwambia yupo mtoto anayemruka. Akakubali. Nikamwuliza kwa nini. Akatazama sakafu, akasema atajitahidi. Nilimpa siku tatu. Alimpa mtoto yule kazi ya kugawa vijiko, alimkalisha karibu naye, alimshika mkono wakati wa kuimba, lakini jina hakuliita. Nikamwita tena, safari hii kwa ukali, naye akaniambia, "Naomba unisamehe, Mama," akatoka. Mimi nikajaza mwenyewe sababu aliyokataa kunipa. Nikasema moyoni kuna ugomvi baina ya watu wake na baba wa mtoto, biashara za mchele zina maneno mengi, na sasa anamlipizia mtoto.

Nikachukua fomu. Kwenye kipengele cha uhusiano na watoto nikaandika sifuri, na chini yake nikaandika kwamba mwanachuo anambagua mtoto mmoja kwa makusudi, ameonywa mara mbili na hajabadilika. Nikaipeleka ofisi ya mazoezi mwenyewe, kisha nikanywa chai kwa maandazi mawili, nikijiona nimemtetea mnyonge.

Utaratibu ulitaka fomu ya namna hiyo iambatanishwe na daftari ambalo mwanachuo anaandikia maendeleo ya kila mtoto. Nikalifungua la Atupele nipate ushahidi zaidi. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake na jina lake juu, kwa mwandiko mzuri wa mviringo. Baada ya Amani kulikuwa na ukurasa usio na jina. Nikafikiri, umeona, hata hapa amemruka. Kisha nikaona kwamba ukurasa huo umejaa pande zote mbili na umebandikwa karatasi nyingine tatu kwa gundi. Hakuna mtoto aliyekuwa ameandikiwa hata nusu yake.

"Anaumba samaki mwenye miguu, anasema ni wa kutembea hadi sokoni," aliandika. "Amemgawia Anna udongo wake bila kuambiwa." "Leo nimempa kijiko, akanishika kidole." Na mwishoni, tarehe ya siku ile niliyoumia moyo: "Amekaa na mfuko mgongoni. Kosa ni langu. Sijui nifanye nini."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Mtu anayembagua mtoto haandiki hivyo. Nikaenda kuliomba faili lake. Fomu ya kujiunga alikuwa ameijaza mwenyewe, mwandiko uleule wa mviringo, kalamu ya bluu, isipokuwa mstari mmoja. Pale panapotakiwa jina la mkuu wa kaya anakoishi, kalamu ilikuwa nyeusi na mwandiko wa mwanaume, bila shaka wa mume wake. Limeandikwa jina la baba wa mume. Ambakisye.

Nilipaswa kujua. Ndicho kinachoniaibisha mpaka leo. Kwetu Unyakyusa mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani anapita pembeni, naye mzee anageukia upande mwingine. Tunaita kutila, na ni heshima ya pande zote mbili. Siku hizi wengi wameilegeza, hasa mjini na makanisani, lakini kuna nyumba ambazo bado zinaishika. Mama yangu mzazi hakulitaja jina la babu yangu mpaka anaingia kaburini, na kila mtu mwingine mwenye jina hilo alimtafutia namna ya kumwita. Mimi niliolewa na mtu wa Kasumulu ambaye baba yake alishafariki upande wa Karonga, Malawi; baba mkwe nilimkuta kwenye picha. Nimeishi maisha yangu yote sina jina la kulikwepa, nikasahau kwamba wengine wanalo. Na jina lenyewe kwetu ni la kawaida kabisa, ukiliita sokoni watageuka watatu.

Nilimkuta Atupele nyuma ya jiko anaosha vikombe. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

Hakujifanya haelewi. "Nilidhani unajua, Mama," akasema. "Wewe ni mama wa hukuhuku. Nilidhani unajua, ila umeamua mambo hayo yasiingie shuleni. Nikaona basi, hukumu imeshatoka."

"Sikujua. Sikufikiri kabisa."

Akaacha kikombe. "Na yeye je?" akauliza. "Yeye nimeshamuumiza. Cheti kinakuja baadaye, Mama. Yule mtoto anavaa mfuko."

Nilikwenda ofisi ya mazoezi kuitaka fomu yangu. Mkufunzi msimamizi, mtu mwema lakini wa karatasi, akasema imeshapokelewa na kugongwa muhuri, na iliyogongwa muhuri hairudi. Tena, akanikumbusha kwa upole, mimi mwenyewe ndiye niliyedai ziwe zinashughulikiwa haraka. Imebaki njia moja. Wiki inayofuata mtathmini wa nje atakuja, naye akimpa Atupele alama za kutosha, maoni yangu yatawekwa kando. Lakini mtathmini atatumia fomu ileile, yenye kipengele kilekile nilichokiomba mimi, kwamba mwalimu anawaita watoto wote kwa majina yao.

Nikarudi kwa Atupele na ushauri wa kijinga. Nikamwambia aliite jina mara moja tu, siku ya mtathmini. Mkwe yuko Busale, hatasikia.

"Mimi nitasikia, Mama," akanijibu.

Basi Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Busale. Mzee nilimkuta anageuza kakao kwenye jamvi la kuanikia, mtu mrefu mwenye koti la mvua lililokatwa mikono. Nikamwamkia, akanipa kigoda, nikamweleza yote, pamoja na sifuri yangu. Alisikiliza bila kuacha kugeuza kakao. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Akaniuliza kama binti huyo anafundisha vizuri.

Nikamwambia sijapata kuona mwanachuo anayemfikia.

"Uso wake siujui vizuri," akasema. "Tangu aje hapa tunapishana. Ila sauti naijua. Anapomwimbia mjukuu wangu nyuma ya nyumba, mimi huku nasimamisha kazi." Akageuza kakao kidogo. "Mwambie nimemruhusu. Alitaje jina, apate cheti chake. Mwambie mzee hana kinyongo."

Niliona nimemaliza kazi. Jumatatu nikampelekea Atupele ruhusa hiyo, nikitegemea atafurahi. Alilia. Akasema nimfikishie mzee neno moja, ndaga fijo, asante sana, lakini hataweza. Hajawahi kulitamka tangu aolewe, na ruhusa ya mzee ndiyo imemzidishia heshima yake. Mdomo unakataa. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka kwamba nilishamkaripia mara mbili bila kujua kitu, nikafunga mdomo wangu.

"Basi tumwambie mtoto," nikasema. "Nani amewahi kumwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Sisi watu wazima wawili, na vyeti vyetu vya kusomea watoto, tulikuwa tumehangaika wiki tatu na hatukuona kwamba anayestahili maelezo ana miaka mitano.

Atupele alimkalisha kwenye mkeka, akakaa mbele yake. Akamwambia kwamba nyumbani kwake yuko mzee anayemheshimu kuliko watu wote, na mzee huyo ana jina sawa na lake. Jina hilo ni kubwa kwake mno, hawezi kuliita hivihivi kama anavyowaita wengine. Akamwomba radhi kwa siku zote alizomruka. Mtoto akafikiri sana. Akauliza kama mzee huyo ana baiskeli. Akaambiwa anayo. Hilo lilimridhisha, akavua mfuko.

Tangu siku hiyo mahudhurio yaliendeshwa hivi. Watoto waliitana wenyewe. Agnes alimwita Amani, Amani akamwita Ambakisye, na jina likasikika darasani kwa sauti nzuri ya mtoto. Kisha Atupele alikwenda mpaka alipokaa, akapiga magoti, akampa mikono miwili kama anavyoamkiwa mkubwa, na Ambakisye akaipokea kwa uso wa mwenyekiti wa kijiji. Ndipo naye akamwita Anna. Ndani ya siku mbili kila mtoto alikuwa anadai kuamkiwa kwa mikono miwili, na Atupele aliwapigia magoti wote. Mahudhurio yaliyokuwa ya dakika tatu yakawa ya robo saa. Sikuwahi kuona darasa linaloanza siku vizuri kama lile.

Mtathmini akaja, mtu wa Kanda ya Ziwa, mkubwa wa mwili, mchache wa maneno. Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliketi nyuma kwenye kiti kidogo cha watoto, fomu kwenye goti, nami kando yake, maana sheria inanitaka niwepo na inanikataza kusema. Mahudhurio yakaenda yalivyozoeleka. Niliona anaandika, nikaona anasimamisha kalamu. Alipokuwa anazunguka kwenye meza za udongo, akamwonyesha Ambakisye.

"Mwalimu, huyu anaitwa nani?"

Mtathmini akangoja. Aliuliza tena, kwa sauti ya kumsaidia, maana alidhani mvua imemziba masikio. Atupele alikuwa ameshika udongo mkononi, akifungua mdomo na kuufunga, na niliona wazi kwamba anajaribu kweli kulitoa lile jina na haliji. Mimi nilikuwa nimeshika kiti changu kwa mikono miwili.

Ambakisye akasimama. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mimi ni Ambakisye," akamwambia mtathmini. "Mwalimu haniiti. Mimi ni mkwe wake."

Mtathmini akamwangalia mtoto, akamwangalia Atupele, kisha akanigeukia mimi. Nikavunja sheria nikasema. Nilimweleza mbele ya wote, nikaanza na kosa langu: kwamba nilimpa sifuri kwa jambo ambalo mtoto wa kwetu yeyote angepaswa kulijua, na kwamba nimekuwa mwalimu miaka mingi kuliko umri wa huyu binti. Mtathmini alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, na alimwuliza Ambakisye.

"Na wewe unaonaje mwalimu asipokuita?"

"Ananiheshimu," Ambakisye akajibu, akarudi kwenye samaki wake.

Aliandika muda mrefu. Aliondoka bila kutuambia kitu, kama wanavyotakiwa, na sisi tukaachwa tunahesabu siku. Usiku sikulala vizuri, na Atupele alifundisha kama kawaida. Mimi nikaandika barua ya ukurasa mmoja, kwamba maoni yangu ya awali yalikuwa na makosa na kosa ni la aliyeyaandika, nikaenda nikasimama pale ofisini mpaka nayo ikagongwa muhuri. Ipo kwenye faili mpaka leo. Vijana, mkiwa na nafasi, isomeni, na msiione aibu kuandika ya kwenu itakapobidi.

Kwa mahafali walitandaza maturubai uwanjani. Nilifika mapema nimpangie mzee wa Busale kiti cha mbele, kando yangu, maana nilijua atakuja. Akaja kwa baiskeli, koti safi, kofia mkononi. Aliniamkia, akakishukuru kiti, akakikataa. Akaenda nyuma kabisa, kupita watu wote, mpaka ukingoni ambapo uwanja unakutana na mashamba ya mpunga.

Jina la Atupele lilipotangazwa nikageuka kumtafuta mzee. Alikuwa ameligeuzia jukwaa mgongo. Mara ya kwanza nikadhani anaondoka, nikataka kuinuka nimzuie. Haikuwa hivyo. Alikuwa amesimama wima, ameelekeza uso kwenye mpunga ili asimwone mkwe wake, na anapiga makofi. Watu wakapiga makofi, wakaacha, yeye akaendelea peke yake. Kule jukwaani Atupele alikuwa ameshapewa cheti na alitakiwa kushuka. Hakushuka. Aliinamisha kichwa, macho kwenye viatu vyake, akasikiliza mpaka mzee alipomaliza.